Shangazi Alipofeli Ukaguzi

Gari la Kapteni lilikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa Shangazi. Watoto wake ndio waliolibatiza walipokuwa wadogo, kwa sababu lilikuwa pana, zito, la rangi ya maziwa, na likikohoa asubuhi nyumba nzima inaamka. Walilipenda na kuliogopa kwa mpigo mmoja. Jina likashika mpaka kwa majirani. Mtu akimkuta Kapteni uani na ndoo na kitambaa, atamsalimu kwanza, kisha atauliza, "Na Shangazi hajambo?" Naye hujibu kwamba hajambo, ila magoti ndiyo yanamsumbua kidogo, akimaanisha springi za mbele.

Kapteni mwenyewe alikuwa dereva wa teksi tangu ndevu zake zilipoanza kuota. Ukapteni aliupata kwa sababu ya kofia nyeupe aliyoivaa kazini, iliyokaa kichwani kama imepigiliwa misumari. Alikuwa mtu wa maneno mengi na hasira fupi, na jambo moja aliloliamini kuliko yote lilikuwa chuma. Akikuonyesha Shangazi, lazima agonge boneti kwa vifundo vya vidole usikie mlio. "Hili si bati la kopo," atakwambia. "Hili ni gari."

Siku alipomnunua, Shangazi hakuwa na mkanda hata mmoja. Dashibodi yake ilikuwa chuma kitupu, na usukani wake ulishikwa na mhimili mmoja ulionyooka kutoka kwenye magurudumu mpaka usawa wa kifua cha dereva. Hakuna aliyeona ajabu. Magari yote yalikuwa hivyo, na madereva wa kituo chake walikuwa wakisema sheria za barabarani ni mbili tu: usigonge, na ukigonga usikimbie.

Kwenye kituo kile alikuwa na rafiki, dereva mwenzake, aliyeitwa Mluzi kwa sababu alikuwa hawezi kushika usukani bila kupiga mluzi. Walikuwa chanda na pete. Mluzi alikuwa akila kwa Kapteni, akilala kochi la Kapteni akigombana na mkewe, na watoto wa Kapteni walimwita baba mdogo bila kujua kwamba hawana damu naye. Basi asubuhi moja Mluzi akagongana na pikapu ya mboga kwenye mzunguko wa barabara. Haikuwa ajali ya kutisha. Mwendo ulikuwa mdogo, pikapu ilipasuka taa, nyanya zikamwagika, na watu waliofika mwanzo walidhani watakuta madereva wawili wanatukanana. Wakamkuta Mluzi ameketi wima, macho wazi, usukani umemwingia kifuani.

Msiba ulifanyika nyumbani kwa Kapteni. Watu walipokuwa wamekaa kimya, binti yake mkubwa, ambaye wakati huo meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanaota upya, alimwendea akamwuliza kwa nini usukani umemuua baba mdogo wakati usukani ni kitu cha kushika tu. Kapteni alimwambia siku zake zilikuwa zimefika. Mtoto hakuondoka. Alisimama pale akimtazama baba yake kama anayengoja chenji, mpaka mama yake akaja kumshika mkono.

Binti huyo ndiye aliyeitwa Kiranja. Alikuwa akiwapanga wadogo zake mstari kabla ya kuoga, na hakuna aliyethubutu kuvunja mstari. Ndiyo maana mke wa Kapteni mtaa mzima ulimwita Mama Kiranja.

Sheria nazo zikaanza kuja. Hazikuja kwa kundi. Zilikuja moja moja, kama wageni wanaochelewa sherehe. Ya kwanza ilitaka mikanda viti vya mbele. Kapteni akampeleka Shangazi gereji, akafungiwa mikanda, na tangu siku hiyo akawa na ufundi mpya: akimwona trafiki kwa mbali anauvuta mkanda begani na kuushikilia kwa kiwiko bila kuufunga, na akishampita anauachia urudi kwenye nguzo ya mlango. Halafu ikaja sheria ya vioo vya mbele, kwamba kioo kikivunjika kisigeuke visu, kiwe na utando katikati unaoshika vipande. Ikaja ya matairi yaliyokwisha meno. Ikaja ya magari mapya, kwamba hayaingizwi nchini kama usukani wake hauwezi kujikunja unapogongwa. Kila ilipokuja moja, pale kituoni palikuwa na mkutano, na kauli ya mkutano ilikuwa ile ile, kwamba serikali imekosa kazi. Kapteni alikuwa mwenyekiti wa manung'uniko. Alinung'unika, akatii siku ya mwisho, akaendelea kunung'unika.

Mwishowe ikaja sheria iliyomgusa penyewe: kila gari la abiria lipelekwe kwenye kituo cha ukaguzi kila mwaka. Lakini safari hii Kapteni hakununa sana, kwa sababu Kiranja alikuwa amekua, amesomea ufundi wa magari chuoni, na kazi aliyopata ilikuwa hiyo hiyo ya ukaguzi. Kapteni alitembea pale kituo cha teksi kifua mbele. Aliwatangazia wenzake kwamba wao watapanga foleni juani, lakini Shangazi anakwenda kwa mpwa wake, ataingia mlango huu na kutokea ule.

Siku ikafika. Kapteni alimwosha Shangazi mpaka ukiinama unajiona meno. Akavaa kofia. Kituo cha ukaguzi kilikuwa banda refu lenye sakafu ya saruji iliyopigwa mistari ya njano, shimo la kuingia chini ya magari, na mashine ya kupimia breki iliyokaa sakafuni kama mitungi miwili iliyolazwa. Kiranja alitokea shimoni amevaa ovaroli ya bluu, tochi mkononi, nywele amezifunga kitambaa. Alimwamkia baba yake kwa heshima zote, shikamoo kamili, kisha akamwomba ashuke asimame nyuma ya mstari kama wengine.

Alilikagua gari lile polepole. Alitikisa magurudumu, akavuta mikanda ya mbele, akatafuta ya nyuma asiione, akaingia shimoni akakaa huko muda ambao Kapteni aliuona mrefu kuliko ujauzito. Kisha Shangazi akapandishwa kwenye mashine ya breki, na hapo ndipo aibu ilipomshukia. Gurudumu la kushoto lilishika. La kulia lilikuwa linazunguka tu kama lina safari zake. Madereva waliokuwa kwenye foleni, baadhi yao wa kituo chake mwenyewe, wakanyamaza ule unyamavu wa watu wanaozuia kicheko.

Kiranja akaja akafuta mikono. Alisema kwa sauti ya kazi kwamba gari halijapita. Breki hazilingani, nyuma hakuna mikanda nayo sasa ni lazima, na kiungo kimoja cha usukani kimelegea.

"Kiranja," Kapteni alisema kwa sauti ya chini, "mimi ni baba yako."

"Ndiyo, baba. Na abiria wako ni baba za watu."

Kapteni alipanda gari lake akaondoka bila kuaga, uso umemshuka, na mashahidi wa kituoni walihakikisha habari imefika mtaani kabla yake.

Nyumba ile ikaingia baridi. Kapteni hakumfukuza bintiye, hakumtukana, ila aliacha kumsemesha. Wakikaa mezani, alipitisha maneno kwa mkewe kama mtu anayetuma barua. "Mwambie mkaguzi wako anisogezee chumvi." Mama Kiranja mwanzoni alikuwa akipeleka ujumbe kweli, chumvi ikiwa sentimita chache kutoka mkono wa kila mmoja. Baadaye alichoka. Jioni moja aliinuka akabeba sahani yake, akasema yeye posta ameshafunga, anakwenda kula kwa jirani, na wakimhitaji wajue namna ya kuitana. Akaondoka kweli.

Wakabaki wawili. Walikula. Kisha Kiranja akaweka kijiko chini.

"Baba, unakumbuka nilikuuliza kwa nini usukani ulimuua baba mdogo Mluzi?"

Kapteni aliacha kutafuna.

"Uliniambia siku zake zilifika. Sikubishi. Ila nilitaka kujua na jibu la pili, ndiyo nikaenda kusoma. Ule mhimili ulikuwa umenyooka. Gari likisukumwa nyuma kidogo tu, unakuja kifuani kama mkuki. Na yeye hakuwa na kitu cha kumshika kitini. Basi, baba. Hakukuwa na jambo kubwa. Walioviona vifo vingi vya namna hiyo wakakaa wakaandika sheria. Nawe gari lako lina mhimili ule ule. Siwezi kuubadilisha, gari ni la zamani. Ninachoweza ni kuhakikisha breki zinashika na mkanda unakukamata. Unataka nikupitishe ili nije nikukute kama walivyomkuta yeye?"

Kapteni akaisukuma sahani yake kando. Alikuwa ameyasikia mengi kuhusu sheria zile, redioni, kwa trafiki, kwenye mabango, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zimeandikwa kwa sababu ya watu kama Mluzi. Alidhani zimeandikwa kwa sababu ya watu wanaokaa ofisini. Mwishowe akamsogezea binti yake bakuli la chumvi, ingawa hakuna aliyeomba.

Kesho yake Shangazi akapelekwa gereji, na safari hii Kapteni alisimama juu ya kichwa cha fundi mpaka fundi akamwomba akanywe chai. Breki zikalinganishwa, kiungo kikabadilishwa, viti vya nyuma vikapata mikanda. Waliporudi ukaguzi, Kiranja alimtoa baba yake kwenye foleni yake akamwelekeza kwa mkaguzi mwingine, mwanamume mmoja mkali asiyecheka, ili asitokee mtu wa kusema mtoto amembeba mzazi. Shangazi akapita. Kapteni akapiga honi kutoka bandani mpaka barabara kuu.

Kuhusu kufunga mkanda, hakubadilika kwa siku moja. Mwanzo alifunga kwa kumwogopa binti yake, halafu kwa sababu Mama Kiranja alikuwa hakubali gari liondoke kabla hajasikia "tak" ya kifungo. Miaka ilipokwenda, mkono wake ukawa unakwenda wenyewe, kama unavyokwenda kufunga mlango. Alistaafu teksi, akabaki na Shangazi kwa safari za sokoni na za kuwatembelea wajukuu, na hakuwa na habari tena kama anafunga mkanda au hafungi. Alifunga tu.

Ndivyo alivyokuwa amefunga asubuhi ile ya mvua. Alikuwa peke yake, anatoka kuchukua viatu vyake kwa fundi, mwendo wa mzee. Gari dogo jekundu lilikuwa linakuja upande wa pili. Likafika kwenye maji yaliyotuama barabarani, likateleza, likaacha upande wake likamjia uso kwa uso. Kapteni alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Breki zilishika, kushoto na kulia sawasawa, lakini nafasi ilikuwa imekwisha. Alisikia kishindo, na kitu kikamkata kifuani kutoka begani mpaka kiunoni.

Kishindo kilipotulia, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa usukani. Ulikuwa karibu naye kuliko ulivyopaswa kuwa, kiasi cha kiganja kutoka kwenye shati lake. Mkanda ulikuwa umembana kitini kama mama aliyemkamata mtoto asiingie barabarani. Alijaribu kuvuta pumzi, mbavu zikakataa.

Kisha akainua macho akaliona gari jekundu. Mbele yake yote ilikuwa imekwisha. Boneti ilikuwa imekunjamana kama karatasi iliyotupwa, taa hazionekani, injini imesukumwa chini. Shangazi alikuwa na bampa lililopinda na taa moja iliyovunjika, basi. Kapteni akajua ameua mtu. Alianza kusali kwa sauti, pumzi ikimkatika.

Mlango wa lile gari jekundu ukafunguka. Akashuka mwanamke kijana, uso mweupe kwa unga wa mfuko wa hewa uliomfumukia usoni kutoka kwenye usukani, akakimbilia mlango wa nyuma. Akainama, akafungua vifungo, akatoka na mtoto wa kike mnene aliyekuwa amefungwa kwenye kiti chake kidogo. Mtoto alikuwa analia kwa hasira, si kwa maumivu. Alikuwa anataka kiatu chake kimoja kilichoanguka. Mama yake alimpapasa kichwa, mikono, miguu, akamkumbatia. Kisha akaja mpaka dirishani kwa Kapteni, mvua ikimtiririka na kuuosha ule unga.

"Mzee wangu, unaweza kupumua?"

"Nyie mko hai?" Kapteni aliuliza.

"Tuko hai, mzee. Wewe je?"

Kapteni akaanza kulia.

Hospitali walimkuta na mbavu zilizovunjika na mtulinga, ule mfupa wa begani, uliopata ufa. Walimfunga, wakampa kitanda karibu na dirisha. Kiranja alifika na ovaroli yake ya kazini, mafuta mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake Kapteni alimwona akilia mbele za watu. Alimwachia alie. Mama Kiranja hakulia. Aliketi ukingoni mwa kitanda akamvua mumewe soksi, akamsugua nyayo, akawa anamlaumu kwa kwenda kuchukua viatu siku ya mvua.

Walipotulia, Kapteni akauliza kuhusu Shangazi. Kiranja akamwambia hana kitu, ni bampa na taa.

"Unaona?" Kapteni akasema, na fahari ikamrudi usoni. "Gari la yule mama limekuwa kitambaa. Shangazi amesimama. Nilikwambia, chuma ni chuma."

"Baba, yule mama amerudi nyumbani kwa miguu yake. Wewe uko kitandani."

Kapteni akajigusa bandeji ya kifuani.

"Gari lake limetengenezwa likunjike," Kiranja akaendelea kwa upole. "Ni sheria. Mbele inakunjika, inaumeza ule mshindo, anapokaa mtu panabaki pazima. Shangazi hakunjiki, basi mshindo wote umekupitia wewe. Yule kakunjika gari. Wewe umekunjika mbavu."

Kapteni aliliwaza hilo, akaanza kucheka, na kucheka kukamuuma, na kuumwa kukamfanya acheke zaidi, mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Miaka yote alikuwa akigonga boneti ile kwa majivuno, kumbe ugumu wake ulikuwa unamngoja yeye mwenyewe.

Baada ya wageni kuondoka alilala chali akamfikiria Mluzi. Mwendo wake ulikuwa mdogo kama wa Mluzi, amegongwa kwa mbele vile vile, mhimili wa usukani ni wa aina ile ile. Yeye kesho atakunywa chai. Kati yao palikuwa na utepe mmoja wa kitambaa na watu wasiowajua waliokaa mahali wakasema lazima. Alisikitika kwamba hawakukaa mapema zaidi. Lakini pamoja na masikitiko alisikia utulivu ambao hakuuzoea, na akalala usingizi mnono.

Yule mwanamke, ambaye alikuwa mwalimu wa chekechea, alikuja kumjulia hali na mwanawe. Aliomba radhi kwa kuteleza. Kapteni akamwambia aache, maji hayana adabu. Mtoto alipandishwa kitandani, akavutiwa na ile kofia nyeupe, akaivaa mpaka mabegani. Tangu hapo wakawa watu wa nyumbani, na Mama Kiranja akajihesabia mjukuu mmoja zaidi.

Shangazi hakurudi barabarani. Kapteni mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Kituo cha ukaguzi kilimwomba gari hilo ili wanafunzi wa udereva waoneshwe mhimili wa usukani wa zamani, akakubali, kwa sharti kwamba lisipakwe rangi nyingine. Na yeye, mbavu zilipopona, akanunua gari dogo la kijivu lililokwishatumika, ambalo boneti yake ukiigonga inatoa mlio wa sinia. Alilidharau wiki nzima. Kisha akaanza kulisifu kwamba halikohoi.

Kitu kimoja tu kilimshinda. Gari lile lilikuwa na kengele ya mikanda, na halikuwa na subira. Siku ya kwanza waliyokwenda nalo sokoni, Mama Kiranja alikaa nyuma pamoja na yule mtoto wa mwalimu waliyekuwa wameachiwa washinde naye, na mfuko wa viazi ukawekwa kiti cha mbele. Kapteni akawasha gari, likaanza kulia. Akagusa mkanda wake, umefungwa. Akageuka nyuma; wamefungwa wote. Gari likazidi kulia.

"Ni viazi," Mama Kiranja akasema. "Linadhani ni mtu."

Kapteni aliutazama mfuko, akaitazama taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka na kuzima. Zamani angetoa hotuba. Aliinama, akauvuta mkanda, akauzungusha kwenye viazi, akabonyeza mpaka akasikia "tak". Kengele ikanyamaza. Nyuma mkewe alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho, na mtoto akacheka kwa kuona bibi anacheka. Kapteni akarekebisha kofia yake, akatazama kushoto na kulia, akaingia barabarani taratibu.